Chini ya Changarawe Kuna Nini?

Kijana aliyekuwa mbele yangu hakuumia. Tairi la mbele lilimponyoka kwenye kona, bega likagusa ardhi, baiskeli ikaserereka hadi kichakani, naye alikuwa ameshasimama anajikung'uta vumbi kabla sijamfikia. Tulikuwa tunashuka upande wa Ntyuka, hapa Dodoma, kwa njia ya ng'ombe, asubuhi, jua bado halijakolea.

Nilipofika nikaiona alama yake ardhini. Changarawe zilikuwa zimefagiliwa pembeni, na katikati umebaki udongo mwekundu mtupu, umekwaruzwa kidogo tu. Nikachutama nikapitisha kiganja. Changarawe zote zikaondoka kwa mkono mmoja. Unene wake haukufika kidole. Chini yake ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba ukucha haukuingia.

Tairi lake lilikuwa jipya. Meno marefu, membamba, yameachana sana, ya aina ile ambayo ukiiona tu unaamini itashika popote.

Halikushika.

Kijana akapanda baiskeli tukaendelea. Mimi ile alama niliondoka nayo kichwani, na kwa wiki kadhaa haikunipa nafasi. Darasani, sokoni Majengo, usiku kabla ya usingizi: lile tairi lilikuwa linatakiwa kushika kitu gani?

Mtama juu ya saruji

Milima yetu ni ya itale. Mawe yale makubwa tunayoyaona kila upande wa mji yamekuwa yakimomonyoka kwa muda usiohesabika, na yanapomomonyoka hayageuki yote kuwa udongo. Sehemu ya madini yake huoza ikawa mfinyanzi. Chembe za kwatzi hazikubali kuoza. Hubaki vipande vigumu vyenye kona, vikubwa kuliko mchanga wa kujengea. Mvua ya kwetu huja kwa miezi michache, kati ya Desemba na Aprili, na ikija huja kwa nguvu. Maji husomba ule udongo laini wa juu na kuacha kwatzi ikitapakaa. Halafu kiangazi kinaingia, mfinyanzi uliobaki chini unakauka, kwato za ng'ombe zinaushindilia, na kufikia Julai una sakafu.

Ukitaka kujua gurudumu linasikia nini pale, mwaga mtama kwenye sakafu ya saruji halafu tembea juu yake.

Hapo ndipo ushauri mwingi wa tairi unapotuacha. Wanaoandika sana kuhusu baiskeli za milimani wanaendesha kwenye misitu: udongo mweusi wenye unyevu, mizizi, majani yaliyooza. Kwao tairi lenye meno marefu ni zuri kwa sababu jino linazama. Hata hapa nchini, mtu wa Lushoto ana udongo tofauti kabisa na wa kwetu, na tairi analolisifu linaweza kuwa zuri kwake kweli. Kwetu jino refu halina pa kuzama. Linapita kwenye ile changarawe, linafika kwenye ardhi ngumu, na kwa kuwa ni jembamba linapinda. Mwendeshaji anahisi tairi linayumba, kisha linaachia bila kumpa taarifa.

Lenye meno mafupi sana nalo linaelea juu ya chembe, halifiki chini kabisa.

Linalofaa liko katikati. Meno ya urefu wa wastani, mapana, yenye kona za mraba zilizokatwa wima, na nafasi ya kutosha kati yake ili changarawe zipate pa kwenda jino linapoitafuta ardhi. Na zaidi ya yote, meno ya mabegani yawe imara, yamesimama kwenye kitako kipana, kwa sababu kwenye kona ukiinamisha baiskeli hayo ndiyo yanayobeba kila kitu. Nikiliangalia tairi sasa, naanza na bega. Naligandamiza jino la pembeni kwa kidole gumba. Likilala kirahisi, nalirudisha.

Sikuanza na upepo, na wengi hawaanzi nao

Nilipokwisha kuelewa meno nilidhani swali limekwisha. Lakini palikuwa na jambo lililokuwa linanisumbua. Kijana yule alikuwa amejaza upepo mwingi, tairi likigongwa linalia. Sisi wote huku tunajaza hivyo. Tumelelewa hivyo na baiskeli za mizigo: tairi gumu ndilo tairi zima.

Hesabu yake ni nyepesi. Uzito unaokaa kwenye gurudumu, ukiugawa kwa msukumo wa upepo ulio ndani, unapata takriban eneo la tairi linalogusa ardhi. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 50. Kwa psi 40, ambayo ni karibu kilo 2.8 kwa kila sentimita ya mraba, linagusa ardhi kwa takriban sentimita 18 za mraba. Ukishusha hadi psi 25, zinakuwa karibu 28. Ubavu wa tairi nao hubeba kidogo, kwa hiyo namba si kamili, lakini mwelekeo wake ni huo. Tairi lile lile, meno yale yale, nusu tena ya mguso imeongezeka bila kununua chochote.

Na si eneo tu. Tairi gumu likikutana na jiwe la ukubwa wa yai linaruka, na likiwa hewani halishiki kitu. Tairi laini linalimeza jiwe na kuendelea kugusa ardhi pembeni yake. Kwenye mteremko wenye changarawe tofauti hiyo unaisikia mikononi tangu mita za kwanza.

Sasa kwa nini hatushushi?

Kwa sababu ya tyubu. Ukishusha upepo ukiwa na tyubu, siku ukigonga jiwe kwa kasi tairi linabonyea hadi ringi, tyubu inabanwa katikati na kutoboka mara mbili, tundu huku na tundu huku. Na kwa sababu ya kitu kingine ambacho mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa.

Mbigili

Nimeiheshimu sana hii mimea tangu nianze kuichunguza. Mbigili hutambaa chini, maua madogo ya njano, na tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano. Kila kipande kina miiba mirefu miwili na mingine mifupi, imepangwa kwa namna ambayo kipande kikidondoka vyovyote vile, mwiba mmoja unaangalia juu. Mvua zikiisha mimea inakauka, na njia zote za pembezoni mwa mashamba zinabaki zimetegwa mpaka mvua nyingine.

Mbali na hiyo kuna migunga, na matawi ya miiba ambayo watu wanazungushia mazizi. Tawi likichakaa linatupwa, ng'ombe wanalikanyaga, vipande vinasambaa njiani. Mwiba wa mgunga ukiwa mkavu unapita kwenye tairi moja kwa moja.

Mafundi wetu wamepambana na hali hii kwa miaka mingi na wana akili zao. Wanakata tairi kuukuu, wanatoa mabega, wanalilaza lile pande la katikati kati ya tairi na tyubu. Linasaidia. Lakini gurudumu linakuwa zito na gumu, na ule ulaini tunaoutafuta unakufa palepale.

Hapa ndipo mambo mawili niliyokuwa nayachukulia kuwa tofauti yakawa jambo moja. Nilikuwa na swali la mshiko, na nilikuwa na kero ya miiba. Kumbe tunakosa mshiko kwa sababu ya miiba. Tunajaza upepo mpaka tairi linalia kwa kuogopa pancha, na tairi linalolia halishiki changarawe. Ndiyo maana naamini kwamba kwa ardhi ya kwetu, kuondoa tyubu kuna sababu nzito kuliko ile ya kupunguza uzito ambayo wauzaji huitanguliza. Bila tyubu hakuna cha kubanwa. Ndani ya tairi kunakuwa na dawa ya majimaji, utomvu wa mpira uliochanganywa na chembe ndogo ndogo. Mwiba ukitoboa, upepo unaisukuma dawa kwenye tundu, inaganda. Tundu la mbigili huzibwa wakati gurudumu bado linazunguka. Na ukishaacha kuogopa mbigili, mkono wenyewe unaenda kwenye valvu kupunguza.

"Nani atakutengenezea?"

Fundi ninayempelekea baiskeli yangu, Chang'ombe, alinisikiliza mpaka mwisho huku anakaza spoku.

"Mwalimu," akasema, "hayo yote nimeyaelewa. Ukipasua tairi ukiwa Mvumi nani atakutengenezea?"

Swali hilo lilinirudisha nyuma kuliko bei. Nilikaa nalo siku nyingi. Baiskeli kwetu ina maana kwa sababu popote ulipo, chini ya mbuyu wowote, kuna mtu mwenye solusheni, msasa na beseni la maji. Kuleta kitu ambacho mtu huyo hawezi kukigusa kulinikosesha raha. Nilifika mahali nikaona bora nibaki na tyubu zangu.

Kilichonigeuza kilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi nikiangalia fundi pancha wa magari akihudumia teksi. Akachomoa msumari kwenye tairi, akalipanua tundu kwa chombo chake, akachomeka kamba yenye gundi, akakata iliyobaki, akajaza upepo. Tairi halikutolewa hata kwenye gari. Halikuwa na tyubu! Magari yamekuwa yakitembelea matairi ya namna hiyo tangu miaka ya 1950, na kila mji mdogo wa barabara ya Singida na Iringa una mtu anayejua kuyaziba. Ana kompresa, ana kamba, ana maji ya sabuni.

Ujuzi ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kwenye kibanda cha jirani tu, na hawa mafundi wawili walikuwa hawajawahi kuwa na sababu ya kuulizana kazi.

Nikamrudia fundi wangu nikamwonyesha. Akatazama muda mrefu, akauliza kama baiskeli za namna hiyo ni jambo la juzi. Nikamwambia Mavic, Michelin na Hutchinson walitoa mfumo wa baiskeli za milimani wa kutotumia tyubu mwaka 1999. Akasema, "Basi lilete, tulione."

Huko porini, basi, ukiwa na kamba nyembamba za baiskeli na pampu unajiziba mwenyewe. Na tyubu moja ya akiba kwenye begi ibaki palepale. Siku tundu likiwa kubwa kuliko kamba, unaingiza tyubu unarudi nyumbani. Ila kabla ya kuiingiza pitisha vidole kwa uangalifu ndani ya tairi lote. Utakuta miiba mingi imekatikia humo, yote iliyozibwa na dawa bila wewe kujua, na kila mmoja unaisubiri hiyo tyubu.

Namba ndogo ubavuni

Nipite haraka hapa, ingawa pesa nyingi hupotelea hapa.

Usinunue kwa kuangalia inchi peke yake. Baiskeli zetu za kawaida za mizigo ni 28 kwa 1½, na namba yake ya pili, ile ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ni 635. Ile baiskeli ya milimani inayoitwa 29 ni 622. Mdogo wake wa 27.5 ni 584, na za 26, ambazo ndizo nyingi kwenye mtumba, ni 559. Namba hizo ni kipenyo cha ringi kwa milimita, mahali tairi linapokaa. Zikitofautiana, tairi halikai, hata inchi zifanane namna gani. Ringi nayo iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo: ya ukuta maradufu, yenye kingo zinazoshika tairi, na ndani yake ipite tepu maalumu ya kufunika matundu ya spoku.

Pima pia nafasi kwenye uma wa mbele na kwenye fremu. Tairi la upana wa inchi 2.4 halienei kila baiskeli.

Nilichofunga

Mbele nimefunga tairi la Minion DHF, la kampuni ya Maxxis, la 2.5. Linajulikana sana duniani, na huenda msomaji alitaka nitaje kitu kigeni zaidi, lakini mabega yake ndiyo yale niliyoyaeleza, na kati ya meno ya katikati na ya pembeni lina mfereji ulio wazi. Mfereji huo unataka mtu anayeinamisha baiskeli kwa uamuzi. Ukiinamisha nusu nusu unabaki kwenye mfereji bila jino la kukushika. Nilihitaji muda kuuzoea, na sasa naupenda.

Nyuma nimefunga Aggressor, la kampuni hiyo hiyo, la 2.3. Meno yake ni mafupi na yamesogeleana zaidi, linabingirika kwa wepesi kwenye barabara ya kurudi mjini. Nyuma likiteleza unalisikia likihama na una muda wa kulirekebisha. La mbele likiteleza umeshafika chini. Kwa hiyo mpira laini unaoshika naweka mbele, mgumu unaodumu naweka nyuma, na kama mfuko unaruhusu tairi moja tu zuri, liende mbele bila mjadala.

Kuhusu ubavu sina mashaka hata kidogo: chukua ulioimarishwa. Kwatzi ina makali. Dawa inaziba tundu, haizibi mpasuko wa ubavuni, na ubavu mwembamba ukiwa na upepo kidogo unajikunja kwenye kona. Tairi la namna hii linafika kilo moja hivi, na kupanda mlima nalo unalisikia miguuni. Nimekubali.

Upepo: nina kilo 72, na nimetulia kwenye psi 21 mbele na 24 nyuma. Hizi ni zangu. Anza juu kidogo, shusha moja moja, na utajua umevuka mpaka ukisikia ringi inagonga jiwe. Nunua kipimo cha upepo. Kidole hakiwezi kutofautisha 21 na 25, na kwenye changarawe hiyo ni tofauti kubwa.

Kwenye mchanga wa makorongo nakiri hakuna tairi nililoliona likifanya maajabu. Pale upana na upepo mdogo ndivyo vinavyobeba, meno hayana kazi. Mimi nachagua tairi kwa ajili ya mteremko. Korongoni nashuka nasukuma, na ng'ombe wananipita.

Dawa na jua letu

Kufunga tulifunga kwa fundi pancha, hawa wawili wakiwa wamechutama pamoja. Tukapaka maji ya sabuni kwenye kingo, tukaweka kile kichwa kidogo cha shaba kinachoiwezesha kompresa ya gari kushika valvu nyembamba ya Presta. Tairi likajaa, likalia mlio mkali mara mbili na kukaa mahali pake. Kompresa ya gari ina nguvu, kwa hiyo macho yawe kwenye kipimo na msivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na kile cha ringi. Kisha tukatoa upepo, tukachomoa kijiti cha ndani cha valvu, tukamimina dawa kupitia valvu, mililita 120 mbele na 120 nyuma, tukarudisha kijiti, tukajaza, tukazungusha gurudumu na kulilaza upande huu na huu.

Jambo ambalo maelezo ya kwenye chupa hayakutufikiria sisi ni ukavu. Dawa hii hukauka, na hewa ya Dodoma kuanzia Juni na upepo wake inakausha kila kitu. Baiskeli ikilala nje juani, dawa inaisha mapema kuliko chupa inavyoahidi. Mimi nalitikisa gurudumu karibu na sikio. Nisiposikia majimaji yakicheza, naongeza. Baiskeli inalala ndani, mbali na bati. Na dawa yenyewe madukani hapa mjini ni ya kuagiza kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo naiagiza kabla haijaisha, hasa kuelekea miezi ya mbigili.

Yule kijana wa Ntyuka tulibadilisha la mbele tu, na kumshushia upepo. Kwenye kona ile ile siku hizi ananiacha.

Wauza maziwa

Kisha fundi akaja na lake.

"Mwalimu, hiyo dawa haiwezi kuingia kwenye tyubu?"

Alikuwa anawafikiria wateja wake halisi, wanaoleta maziwa mjini alfajiri kwa baiskeli za 28, madumu mawili nyuma. Kwao pancha ya mbigili ni maziwa kuchelewa na kuchachuka. Ringi zao za chuma haziwezi kukaa bila tyubu, na tairi la namna hiyo la 635 sijaliona. Lakini ndani ya tyubu, ndiyo, kuna dawa zilizotengenezwa kwa ajili hiyo hiyo. Valvu zao za kizamani zinatoka zote kwa kufungua nati moja, njia ni pana, dawa inaingia bila shida. Mwiba mrefu wa mgunga hautazibika, na upepo itabidi ubaki mwingi kwa sababu ya mzigo. Kwa tundu dogo la mbigili inafaa kujaribu.

Ameanza na mteja mmoja, gurudumu la nyuma. Amelipaka spoku moja rangi nyekundu, ili fundi yeyote njiani akiifungua ile tyubu ajue mle ndani mna dawa, aifute na kuikausha vizuri kabla ya kubandika kiraka, maana solusheni haishiki penye majimaji. Mteja ameambiwa awaeleze mafundi wa njiani maana ya ile rangi. Fundi anataka kuiangalia tyubu hiyo hadi mvua zitakaporudi, ndipo aamue kama ataagiza chupa kubwa.